Debe Nililokunyang'anya

Mama,

Nimevua magwanda ya askari wa wanyamapori. Nimeyafua, nikayakunja, nikayarudisha ofisini pamoja na zile buti ulizosema zinanifanya nitembee kama bata. Sasa nauza misumari na mabomba huku Dunda, kwenye duka la Mhindi mmoja. Hakuna anayeniuliza habari za tembo, alhamdulillahi.

Juzi tumekusomea arobaini. Watu wa Mkange wamekula pilau, wamenipa mkono, kisha nyuma yangu wakasema, "Huyo ndiye aliyewapenda tembo kuliko mamake." Nimewasikia.

Unaukumbuka ule mkutano wa kijiji? Nilisimama na magwanda yangu mapya, nikasema tembo mwenye mtoto akipigiwa debe hukasirika, basi kuanzia leo hakuna debe shambani. Mkiwaona nipigieni simu, tutakuja kuwaondoa wenyewe. Wakaguna. Ili wasiseme nakupendelea, nikaanza na lako. Nikakunyang'anya mbele ya majirani zako, mama yangu mzazi! Ukaniambia, "Haya, wewe unawachunga tembo. Mimi ananichunga nani?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, kwa kiburi tu.

Na wewe nawe ulikuwa mbishi, Mama. Mbishi wa kila kitu, isipokuwa hilo. Kwa nini hilo ulinitii? Si ungetafuta debe jingine, ungepiga hata sufuria! Nimekukasirikia mpaka nikaona haya.

Kisha ikaja alasiri ile, tembo jike akakukanyaga katikati ya mihogo yako. Nilipofika walikuwa wameshakufunika kanga, na ofisi ikaniambia nijaze fomu, maana ndiyo kazi yangu. Jina la marehemu. Umri. Alikuwa akifanya nini. Nikakuandika kwa mwandiko mzuri, Mama, kama karani. Palipouliza kwa nini askari walichelewa, nikaandika: mtandao haukuwepo. Baba naye nikamwambia hivyo hivyo. Masikini, mpaka leo anawatukana watu wa simu.

Mtandao ulikuwepo.

Nilikuwa na wageni wa ofisi, nawaonyesha kundi jingine la tembo kule bwawani, simu nimeitoa sauti wanyama wasishtuke. Ukapiga. Nikaliona jina lako. Nikasema moyoni, huyu atakuwa anataka nimletee sukari. Ukapiga tena. Mara ya tatu nikaizima kabisa, kwa sababu mgeni mmoja alikuwa ananitazama.

Hilo ndilo lililonitoa kazini, si uchungu kama wanavyodhani. Wamenipa barua ya kunisifu, wameandika kwamba nilijitolea kwa moyo wote. Nimeichana.

Ijumaa nakwenda Mkange kumwambia Baba, kwa mdomo wangu, hizo simu zako zote tatu. Akinifukuza, nitatoka. Akinilaani, nitaitikia amin.

Lala, Mama. Nisamehe ukiweza, na usipoweza, ni haki yako.

Mwanao,
Zuhura