Wudi ya Baba Uliyoikata

Kaka yangu,

Simu zangu unazikata, ndiyo maana naandika mahali ambapo kila mtu atasoma. Msibani ulisimama mbele ya watu ukasema ulimtunza baba kwa kila kitu. Wapo walioamini. Na wasome.

Ile wudi yake unaikumbuka, fimbo ya gofu ya kupigia mpira ukiwa chini kwenye majani, shimo likiwa bado mbali. Kichwa chake kilikuwa cha mbao kweli, si kikubwa kuliko ngumi yake, na shingoni kimezungushiwa uzi mweusi. Alipewa na mchezaji mmoja ambaye baba alikuwa akimbebea begi ujanani, kabla hajaajiriwa reli. Akitoka karakana jioni alitupitia sote wawili, tukaenda uwanjani, tukafukuza ng'ombe kwanza ndipo afundishe. Ukipiga pembeni kidogo, mikono iliwaka moto hadi viwikoni. "Mwanawane," alikuwa akikuambia, "hiyo haikudanganyi." Ulilia. Nami nililia. Tulicheka pia, hilo siwezi kukunyima.

Kisha ukaja kutoka Dar na ile yako mpya: kichwa cha chuma, kipana, ndani tupu, mpini mwepesi kama ufito.

"Mzee, tupa hilo gogo," ukamwambia mbele ya wenzake.

"Tupige kwanza," akakujibu.

Kilikuwa kiangazi, ardhi ngumu. Mpira wako ulipaa vizuri, ukaanguka, ukatulia. Wake ulikwenda chini chini, ukagusa ardhi, ukaendelea kubingirika mpaka ukaupita wako. Wazee wakapiga makofi. Nilikuona ulivyokunja uso.

Kesho yake ukageuka mpole. "Baba, uzi umefumuka. Nipe nikaitengenezeshe Dar." Akaiviringisha kwenye kitenge cha marehemu mama, akakukabidhi stesheni kwa mikono miwili. Tangu hapo kila alipokupigia simu ulimjibu, "Fundi bado." Mvua zikaja, zikaisha, fundi bado.

Halafu ukaweka picha za sebule yako mpya. Nyuma yako, ndani ya kabati la kioo, imo wudi ya baba, mpini umekatwa ili itoshe. Nilitaka kuificha simu, lakini baba alishaniona nilivyoshtuka, akainyooshea mkono. Akaitazama muda.

"Kaikata," akasema.

Akanirudishia simu. Hakuulizia fundi tena, wala hakukanyaga uwanjani tena mpaka tulipomzika kule Ntalikwa.

Baada ya mazishi ukanitia mkononi ile yako mpya, eti fidia. Nimeichezea, nisije nikakusema kwa jambo nisilolijua. Ni nzuri, kaka. Kwenye majani marefu haikwami. Nikikosa katikati ya uso wake, mpira bado unanyooka. Wakati wa mvua, ardhi ikiwa tepetepe na mpira haubingiriki, ile ya baba isingefua dafu mbele yake. Haya nayaandika meno nimeyauma, kwa sababu ni kweli. Ungemwambia baba hivyo kwa adabu, angekubali. Alikuwa mtu wa kuelewa, na jicho lake lilishaanza kuchoka.

Lakini wewe hukuikata ile ya zamani kwa kuwa imepitwa na wakati. Uliikata kwa sababu ilikushinda ikiwa mikononi mwa mzee, watu wakitazama. Ukaona uilipizie kisasi fimbo, kumbe unamlipizia baba yako. Kisha ukaiweka pambo, wageni waisifu wakinywa soda zako, nawe uwasimulie jinsi baba yako alivyokuwa mchezaji hodari.

Vipande usinirudishie. Usitume mtu wa kunibembeleza, wala shangazi usimpigie akuombee, nimeshamwambia yote. Arobaini ya baba tumeisomea misa bila wewe, na nafasi yako kwenye benchi alikaa jirani.

Ukija Tabora, usianzie kwangu. Nenda Ntalikwa, usimame kaburini, umwambie baba kwa mdomo wako ulichokifanya. Kabla ya hapo, tukikutana stesheni au kanisani, mbele ya yeyote yule, mimi mdogo wako nitakupita kimya. Shikamoo yangu usiingoje.

Mdogo wako wa kike,
niliyebaki na baba