Pampu ya Mishiri Haiazimwi

Nkubu, Alhamisi, mwezi wa saba

Jua halijaonekana tangu Jumatatu. Manyunyu yanakuja na kuacha, nguo za shule za mwanangu Kendi hazikauki, na mimi leo sina raha hata kidogo. Naandika kwa sababu nikilala na haya kifuani sitaamka vizuri.

Asubuhi kikundi chetu cha wakulima wa mishiri kiliitwa kwenye banda la kupimia. Mishiri ni yale maharagwe mabichi membamba tunayolima ili yauzwe ng'ambo. Afisa wa kampuni inayonunua alisema mzigo wetu uliopita ulikataliwa ulikofika. Ulipimwa ukakutwa na mabaki ya dawa isiyoruhusiwa kwenye mishiri. Kila kreti ina namba ya mkulima, na namba waliyoikuta ilikuwa yangu.

Hakunigombeza. Alieleza tu kwamba viwango hivyo vimekubaliwa na nchi nyingi, yeye na kampuni yake hawawezi kuvilegeza, na cheti chetu ni cha kikundi kizima. Jambo hili likitokea tena, tunafungiwa soko wote. Wenzangu waliangalia chini. Mama Mwenda, mwenyekiti wetu, anayesomesha wajukuu kwa mishiri hii, alinishika mkono. Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Sijawahi kununua dawa hiyo. Ni dawa ya kahawa.

Nilijua palepale ilikotoka. Pampu yangu ya kupulizia dawa ndiyo pekee katika boma letu. Baba mkwe huiazima akitaka kupiga dawa kahawa yake, na akiirudisha mimi huiosha kwa sabuni na kuisuuza tena na tena. Afisa anasema kuosha hakutoshi, dawa hubaki ndani ya mpira. Pampu ya mishiri isiguse kitu kingine.

Waliokaa wakakubaliana viwango hivyo hawakuwa na baba mkwe kama wangu.

Tangu mume wangu Mutwiri afariki, shamba ninalolima ni la baba yake. Hakuna karatasi. Alitembea na mimi akanionyesha mpaka, akasema nilime nilee mtoto. Na kwetu mke wa mwana hamkatalii baba mkwe, hata machoni hamtazami sana. Ningemwambiaje yeye, mzee wa kanisa, kwamba kazi ya mikono yake inaharibu yangu?

Nikaamua kunyamaza. Akija nitampa, kisha nimwombe Mungu.

Jioni nikaanza kupika. Nilikuwa na viazi na ile mishiri iliyobaki, mifupi na iliyopinda, ambayo kampuni haichukui. Hiyo ndiyo tunayokula hapa nyumbani karibu kila wiki. Imetoka shamba lile lile, imepigwa dawa na pampu ile ile. Nilisimama na kisu mkononi. Kule ng'ambo kuna mtu alipima akasema hapana, kwa ajili ya watoto ambao sitawaona maishani. Huyu wangu amepimiwa na nani?

Niliimwaga yote. Kendi amekula viazi vitupu.

Baba mkwe alikuja kabla giza halijaingia. Alikohoa langoni, kama afanyavyo siku zote ili nijue ni yeye.

"Mama Kendi, hebu nipatie ile pampu. Kahawa imeshikwa na wadudu mbaya sana."

Sauti ilinitoka ndogo. "Baba, unisamehe. Hiyo pampu siwezi kupeana tena. Hiyo dawa ya kahawa imeharibia kikundi yote mishiri. Na hata Kendi hukula hiyo mishiri."

Alivuta kofia yake iliyoloweshwa na manyunyu. Kisha akasema, "Mutwiri hangeninyima," akageuka akaenda zake.

Ni kweli. Mutwiri angempa, na mimi ningempenda zaidi kwa kumpa. Lakini nina hasira pia, kwa kutajiwa marehemu mlangoni pangu na mtu anayejua jinsi ninavyomlilia. Nimelia hadi kichwa kinauma. Sijui kama namlilia Mutwiri, au shamba, au aibu ya kumfukuza mzee kwenye mvua.

Akitaka, anaweza kupitisha ng'ombe wake juu ya mishiri yangu na hakuna atakayemuuliza. Nimemtumia Mama Mwenda ujumbe kwamba pampu yangu haitatoka tena. Sikumwambia itanigharimu nini, maana hata mimi sijajua.

Asubuhi sina budi kupita mbele ya nyumba yake nikienda kuchuma. Nitamsalimu kama kawaida.

Je, ataitikia?