Kidonge cha Mama Siku ya Sabato

Jumapili jioni, Manga

Bado nina hasira, ingawa imepungua. Kumbe kila Sabato anapofunga na kina mama wa kanisani, Mama hamezi kidonge cha saratani ya damu! Daktari alisema kimezwe pamoja na chakula, naye haonji kitu mpaka jua litue. Kisha analala bila kula wala kumeza.

Nilimweleza kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu wa biolojia. Ndani ya seli kuna protini zinazofanya kazi kama swichi: ikiwaka, seli inaambiwa igawanyike, ikizimwa, inatulia. Kwenye damu yake swichi moja imekwama, inawaka tu. Kidonge hakiing'oi. Kinaizuia, tena kwa siku moja.

Aliendelea kuchambua chinsaga, mboga zetu za jioni.

"Basi ni kama kumshika ndama ninapokamua," akasema. "Nikimwachilia tu, anarudi kunyonya."

Ndiyo, Mama. Hivyo hasa.

Kliniki ijayo naiogopa. Lakini vipimo vya mwisho vilikuwa vizuri, na leo amemeza mbele yangu, kwa ndizi.

"Sabato nitakula, nimeze," akaniahidi. "Nitafunga kuwasema majirani."

Kidonge sina wasiwasi nacho tena. Huo mfungo mwingine ndio utamshinda.