Breki za Pikapu Yetu

Jumanne

Leo nikiteremka kuelekea Bahi, mama yangu akiwa kiti cha pembeni, nilikanyaga breki, pedali ikazama hadi chini. Mbele kulikuwa na ng'ombe barabarani. Nikapunguza gia, nikavuta breki ya mkono, pikapu ikaingia kwenye jaruba la mpunga na kusimama. Mama alikuwa anasali kwa Kigogo.

Fundi amebadilisha bomba la breki lililooza kwa kutu. "Hata mengine yamechoka, dada," akaniambia.

Mume wangu anacheka tu. "Gari hii imesomesha watoto, Mama Neema. Bado ina nguvu."

Kesho anataka kuwapeleka watoto kijiji cha Zuzu kwa pikapu hiyo hiyo. Naogopa mno. Ufunguo nimeuficha kwenye gunia la mchele. Asubuhi akiuliza, nitamwambia sijui ulipo.