Wafula Alisema, Hakuwasha

Kwako ndugu yangu Wanyonyi,

Habari ya huko Kabuchai? Sisi hapa Kiminini tuko wazima, mahindi yamebeba vizuri na hakuna mgonjwa, hata kama wewe ungependa kusikia mengine. Mgongo wa Baba unaendeleaje? Mpake ile dawa niliyotuma, si kuiweka tu juu ya kabati. Naandika kwa sababu simu zangu siku hizi hushiki. Barua nayo huwezi kuikata katikati.

Juzi tulipotoka kortini Bungoma, mimi na mwanangu Wafula, yeye akiwa huru, wewe ulipitia upande wa choo usitusalimie. Mdogo wangu niliyekubeba mgongoni! Basi nitakusalimia hapa.

Ni kweli Wafula alisema. Kwa matanga ya Mama ulimwondoa kwenye meza ya wanaume, ati mtoto wa dada akale na watoto. Mwalimu mzima wa sekondari, anayeitwa "sir" Kitale yote! Akakasirika: "Mjomba, hiyo miwa yako iko siku itaungua." Nilisikia kwa masikio yangu na nikamkemea hapo hapo. Wiki hiyo miwa ikaungua. Hukuuliza mtu. Ukakimbilia polisi, mtoto wa dada yako akalala seli kama mwizi wa ng'ombe.

Na kortini ukasemaje? Hakimu, mama mpole kabisa, alikuuliza, "Mzee, nani alimwona akiwasha?"

"Alinitisha mbele ya kila mtu!"

"Alichosema nimesikia. Nauliza alichofanya."

Ukaanza, ati alipatikana na kibiriti mfukoni. Hakimu akakuuliza, "Wewe nyumbani kwako unawasha moto na nini?" Watu walicheka mpaka askari akawanyamazisha. Mimi nilicheka kuliko wote, na sitaomba msamaha.

Nasimiyu wangu, ambaye unajua anasomea sheria chuo kikuu (wako wasichana wangapi Kabuchai wanaosomea hiyo?), alinieleza jioni tukimenya viazi. Kosa linataka nia ya moyo na tendo la mwili. Moyo ukikasirika peke yake, polisi hawana pingu za kuutosha. Ungemshtaki kwa kutisha, labda wangekusikiliza. Lakini wewe ulitaka afungwe kwa kuchoma, na mkono uliochoma huna. Aliyechoma mimi simjui, na wewe pia humjui.

Nikafikiri yameisha. Kumbe umemwambia Baba kwamba Agosti hii, mwanangu mdogo Simiyu akija kwako kabla ya kutahiriwa, hutamchinjia ng'ombe wala kumvika nyama yake shingoni, kama mila inavyomtaka mjomba. Ukaongeza, "Mimi sifanyi kitu. Nitakaa tu ndani ya nyumba yangu."

Wanyonyi, hapo umenichoma kuliko seli. Kijana wetu anaendaje kwenye kisu bila nyama ya mjomba wake? Watasema hana watu upande wa mama. Na mama huyo ni mimi.

Nikamuuliza Nasimiyu kama mtu anaweza kutenda kosa akiwa amekaa tu. Akasema, "Mama, mzazi akimnyima mtoto chakula mpaka afe, ameua, hata kama hakuinua mkono. Aliye na wajibu, kule kukaa kwake ndiko kutenda." Sheria ya serikali haijui nyama yetu, hilo nimekubali. Lakini wewe unaijua, kwa sababu shingoni mwako iliwekwa na mjomba wetu, na alikuwa amekosana na Mama. Alikuja hivyo hivyo, amenuna, akakuvika.

Msalimie wifi yangu, aliyempelekea Wafula chai seli ukiwa hujui. Msalimie Baba, na shangazi anayeishi karibu na kanisa.

Simiyu atakuja na kengele zake za tohara mpaka mlangoni pako, na mimi nyuma yake nikiimba. Ukikaa ndani, kaa. Lakini usije ukamwambia mtu kwamba hukufanya kitu.

Ni mimi dada yako mkubwa, ambaye bado ana hasira,
Mama Wafula