Kengele Niliyoizima Mimi

Mpendwa dada Akiru,

Ejok, hujambo? Nasikia huko Kakuma wanakuuliza imekuwaje muuguzi wa wagonjwa mahututi akawa anapima uzito wa watoto kliniki. Waambie ni kwa sababu yangu.

Nilipofika hospitali ya Lodwar kutoka Kaaleng, hata kuweka dripu kulinishinda. Wewe ndiwe uliyenifundisha kunyonya makohozi kwenye mpira wa koo bila kumwumiza mgonjwa. Ulikuwa ukizungumza na waliopoteza fahamu, ukiwaambia kwa Kiturkana kwamba sasa unawageuza upande. Siku ya kwanza nilicheka. Hukunikemea. Ulisema tu, "Huyu ni mzazi wa mtu, Ekai. Mwombe ruhusa."

Halafu zikaja mashine mpya za kupumulia, na semina ya siku mbili kwa Kiingereza cha haraka. Nusu yake haikuniingia. Walipouliza nani hajaelewa, niliinamisha kichwa, kisha nikatia sahihi kwamba naiweza mashine. Baadaye ulinisogelea ukaniuliza kama niko sawa nayo. Nikakwambia niko sawa.

Mchana ule ulikwenda stoo ya dawa, ukaniachia yule mzee wa Todonyang. Kengele ya mashine ikalia. Nikabonyeza hapa na pale, ikalia tena. Binti yake alikuwa mlangoni ananitazama, nami nikaona haya. Nikaizima sauti, nikamwambia mashine hizi zina kelele tu. Kumbe mpira wa hewa ulikuwa umechomoka. Uliporudi, midomo ya mzee ilikuwa imebadilika rangi. Ulimsukumia hewa kwa mkono mpaka daktari akafika. Siku ya tatu alifariki, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama angepona. Mimi nabaki na hilo.

Kwenye kikao, metroni aliuliza nani alizima kengele. Ulijibu kwamba zamu ilikuwa yako na wewe ndiwe uliyekiacha kitanda kile. Kisha ukanigeukia. Ulinipa nafasi, dada. Mimi nikatazama viatu vyangu. Wiki iliyofuata ukahamishwa.

Sijakwambia jambo hili: binti wa mzee alirudi na samaki wakavu kutoka ziwani, kunishukuru kwa kumtunza baba yake. Niliwapokea. Nikawala.

Mwezi uliopita nilikuja Kakuma. Nilikuona kupitia dirisha la kliniki, umemshikia mama mmoja wa Sudan Kusini mtoto wake, mnacheka. Nikageuka nikarudi Lodwar bila kukusalimia.

Jumatatu nilikwenda kwa metroni nikasema yote, nikaandika, nikatia sahihi. Nimesimamishwa kazi wodini, na sijui wataamua nini. Kutoka hapo nikaenda kwa binti wa mzee. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakulia, hakunifukuza.

"Yule dada aliyemsukumia baba hewa," akauliza, "anajua kwamba umesema?"

Nikamwambia bado.

"Sasa mbona umeanza na mimi?"

Nimeiandika barua hii wazi, aisome yeyote, kwa kuwa aibu yangu uliibeba mbele za watu. Usijilazimishe kunijibu. Ukae salama, dada.

Mdogo wako wa kazi,
Ekai