Neno Nililokutafsiria Maseno

Doha

Kwa Baba,

Salamu zangu zikukute umeshakunywa chai, maana nakujua, kabla ya chai husikii la mtu. Goti lako linaendeleaje? Na kifua cha Mama je, bado kinambana mvua ikinyesha? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kazi ni ileile ya kufua na kupiga pasi shuka za hoteli. Joto la mashine limenichubua mikono, lakini nimezoea, na chumba tunacholala wasichana sita kina amani kuliko ile nyumba ya Maseno.

Utashangaa kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Kila nikikupigia nikataja nyumba ile, unanikatiza: "Nyathina, mwanangu, hiyo wachana nayo. Wewe hukujua." Kisha unaniuliza kama nimekula. Barua huwezi kuikatiza. Tena nimeiandika kwa Kiswahili, ambacho unakisoma mwenyewe ukivaa miwani, ili pasiwe na mtu wa kukutafsiria.

Wiki iliyopita aliletwa kazini msichana mgeni kutoka upande wa Busia. Msimamizi akampa karatasi ya Kiarabu aweke sahihi. Kijana mmoja wa kwetu anayeijua lugha hiyo akaichungulia, akamwambia, "Sain tu, dada. Ni ya kupokea uniform." Jioni kijana yule alikiri kwangu kwamba haikuwa ya sare. Ilikuwa ya kukubali kukatwa mshahara kitu chochote kikiharibika. Alimwogopa msimamizi, ndiyo sababu. Nilikaa juu ya kikapu cha shuka chafu nikalia mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa.

Baba, unaikumbuka siku ile. Tulikuwa wanafunzi wanne tumepata nyumba karibu na chuo, na mwenye nyumba alitaka mzazi mmoja aweke jina. Wazazi wa wenzangu walikuwa mbali. Wewe ulitoka Kisian umevaa koti la kanisani, kalamu yako mfukoni, ile uliyoifunga uzi. Kila anayeuza shamba pale nyumbani, kila anayepeleka mahari, anakuita uone na kuandika jina, mpaka watu wamesahau jina lako la ubatizo. Wanakuita Janeno, shahidi.

Karatasi ilikuwa kurasa tatu za Kiingereza. "Hii Kizungu imeandika nini?" ukaniuliza.

"Inasema wewe ni janeno, Baba. Umeona sisi tukikubaliana na mwenye nyumba."

"Kuona tu?"

"Kuona tu."

Ukacheka. "Hiyo si ndio kazi yangu? Lete hapa." Ukaandika jina lako lote polepole, bila kukosea herufi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Nilimaliza masomo nikaja huku, nikiwa nimelipa sehemu yangu yote. Wenzangu wakabaki, kodi ikasimama. Mmoja aliolewa, mmoja akarudi kwao, wa tatu akazima simu na kuacha milango imevunjwa. Mwenye nyumba hakuhangaika nao. Alikutafuta wewe, kwa sababu karatasi ilikuita mdhamini, anayejibu kwa nyumba nzima, si kwa kitanda cha mwanawe peke yake. Hukutaka madalali waingie bomani kunadi vyombo mbele ya Mama. Ukawafungua Rateng' na Silwal, ng'ombe wako wa kulimia, ukawaswaga mwenyewe hadi Mamboleo, ukawauzia wachinjaji. Mdogo wangu Ochieng' ananiambia jembe limelala nyuma ya ghala, kuku wanataga chini yake, na majirani uliokuwa ukiwalimia sasa wanamwita mtu wa trekta.

Hayo pengine ningeyavumilia. Linaloniua ni hili alilonisimulia Mama: kwamba mahari ya binti wa shangazi imepokelewa na wewe hukuitwa. Kwamba mzee mmoja alisema, "Janeno gani huyo anaweka jina kwa kitu hajui?" Nawe ukamjibu mbele ya watu, "Ni kweli, mimi sikuuliza sana. Lakini mtoto msimguse. Hakujua hilo neno."

Nilijua, Baba.

Wakala wa nyumba alinieleza asubuhi ileile, kabla hujafika. Alisema, "Mzazi wako ndiye atalipa mkishindwa. Si yako tu, ya nyote wanne." Nilimwelewa vizuri. Nikaogopa utakataa na sisi tukose nyumba, nikatafuta neno ambalo wewe huwezi kulikataa. Nikachukua jina wanalokuitia kwa heshima, nikakutegea nalo. Tangu hapo unanitetea, na kila unaponitetea natamani ardhi inimeze. Tafadhali usiniambie hujakasirika. Kasirika. Ng'ombe nitajitahidi kuwarudisha, hata kama ni mmoja mmoja. Jina lako sijui linauzwa soko gani nikalinunue.

Nisalimie Mama, umwambie dawa ya kifua amalize chupa yote, asimgawie jirani. Nisalimie shangazi na bintiye bibi arusi, nawatakia heri ingawa moyo umeuma. Ochieng' apake jembe mafuta lisishike kutu. Na wale wazee mnaokaa nao baada ya kanisa, wape salamu zangu, kisha uwasomee barua hii yote, usiruke mahali kwa ajili ya kunificha. Wakikuuliza uliona nini siku ile Maseno, waambie ulimwona mtoto wako, ukamwamini.

Sasa naandika jina langu lote. Nimekisoma nilichokiandika, na nimekielewa.

Binti yako,
Akinyi, nyar Janeno